Kompyuta Kuukuu Isiondoke na Siri za Nyumba

Katika makambi ya askari na nyumba za polisi, mnunuzi wa vyombo vikuukuu ni mgeni wa kawaida. Hupita asubuhi, wakati wazee wamekwisha kwenda kazini, gunia begani na mizani mkononi, akiuliza betri zilizokufa, sufuria zilizotoboka na redio zisizosema. "Mama, hamna mashine yoyote mbovu humo ndani?" Na mama, ambaye kwa miezi mingi amekuwa akiihamisha kompyuta ile ya zamani kutoka juu ya kabati hadi chini ya kitanda kila afagiapo, huona kwamba siku ya kuachana nayo imefika. "Ipo moja, mwanangu, lakini haiwaki vizuri. Utatoa ngapi?" Bei hupatikana upesi, gunia hufungwa, na fedha hizo hununua sukari na sabuni.

Katika mauzo hayo hakuna aliyekusudia ubaya. Mnunuzi amenunua chuma, plastiki na waya za shaba. Ndivyo aonavyo yeye. Lakini ndani ya kasha lile kuna kipande kimoja, ukubwa wake kama kitabu kidogo cha mfukoni, ambacho kimekuwa kikiandika maisha ya nyumba ile kwa miaka mingi. Humo mna hati za mshahara, picha ya kitambulisho cha taifa pamoja na namba yake, mapatano ya kununua shamba, ripoti za shule za watoto, picha zao wakiwa wamesimama mbele ya mlango wa nyumba, na maneno ya siri ya barua pepe yaliyohifadhiwa ili mtu asisumbuke kuyaandika kila mara. Ikiwa mwenye nyumba alikuwa miongoni mwa askari wa Uganda waliotumwa Somalia tangu Machi 2007, huenda humo mna barua alizowaandikia jamaa zake na picha alizopiga pamoja na wenzake, majina yao yakisomeka vifuani. Ikiwa ni polisi, huenda mna taarifa ya kesi aliyoimalizia nyumbani usiku kwa sababu umeme wa kituoni ulikatika.

Kwa hiyo kilichouzwa si mali ya nyumba moja peke yake. Namba za simu za wanaplatuni, majina ya wake zao, mahali wanapokaa wazazi wao vijijini, vyote vimetoka ndani ya gunia lile bila wenyewe kuulizwa. Mtu mwenye hila akivipata hahitaji bunduki. Atampigia simu mama mzee kijijini, atamtajia jina la mwanawe, namba yake ya kazi na jina la mkuu wake, kisha atamwambia kwamba kijana ameumia kazini na fedha za matibabu zinatakiwa upesi. Mama yupi atakayekaa kuuliza maswali mengi baada ya kusikia maneno hayo?

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo msaada wa kawaida wa kampuni ya Microsoft kwa programu ya Windows 10 ulikoma. Kompyuta nyingi za umri mkubwa haziwezi kupokea Windows 11, na kwa sababu hiyo ofisi na nyumba katika nchi nyingi zimekuwa zikitoa mashine zao za zamani. Nyingine zitagawiwa jamaa, nyingine zitauzwa, nyingine zitatupwa. Inafaa kila mwenye mashine ya namna hiyo ajue afanye nini kabla haijavuka kizingiti.

KUFUTA SI KUHARIBU

Watu wengi wenye busara hukosea mahali pamoja. Husema, "Nimekwisha kufuta kila kitu," nao husema kweli kwa kadiri macho yao yalivyoona. Wameyapeleka mafaili kwenye pipa la taka la kompyuta, wakalimwaga pipa hilo, na kioo kikabaki kitupu.

Askari yeyote aliyewahi kufanya kazi katika stoo ataelewa upesi kilichotokea. Stoo ina rafu zenye vitu, na ina daftari linaloonyesha kila kitu kiko rafu gani. Mtu akichana ukurasa wa daftari, mabuti na mablanketi hayakutoweka. Yangali pale pale juu ya rafu, ila mtunza stoo hana tena maandishi ya kumwongoza. Kompyuta nayo, inapoamriwa kufuta faili, kwa kawaida huchana ukurasa wa daftari tu na kuhesabu kwamba nafasi ile iko huru. Faili lenyewe hubaki mpaka siku kitu kingine kitakapoandikwa juu yake, na siku hiyo pengine haifiki. Kufomati kwa haraka ni vivyo hivyo: daftari zima huwekwa jipya, rafu haziguswi. Mwizi hutumia programu inayotembea rafu baada ya rafu bila kujali daftari, na programu za namna hiyo hupatikana bila malipo.

Wanafunzi wawili wa chuo cha MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walilipima jambo hili kwa fedha zao. Kati ya mwaka 2000 na 2002 walinunua diski 158 zilizokwisha kutumiwa, na matokeo yao yakatolewa mwaka 2003. Diski 129 zilikuwa bado zinafanya kazi. Kati ya hizo, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Katika nyingine walikuta barua za matibabu, barua za mapenzi, na namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Diski moja ilikuwa imetoka ndani ya mashine ya kutolea fedha ya jimbo la Illinois, nayo ilikuwa ingali na kumbukumbu za miamala na namba za akaunti za wateja.

YALIYOYAPATA MAJESHI MAKUBWA

Mtu asidhani kwamba makosa haya ni ya watu wa mashambani au ya nchi zisizo na mafundi. Mwaka 2019 ilijulikana nchini Ujerumani kwamba mlinzi mmoja wa misitu wa Bavaria alikuwa amenunua kompyuta nne za mkononi zilizotoka jeshini, akizilipia yuro 90 zote pamoja. Alipozifungua alikuta maelezo ya mfumo wa makombora wa jeshi hilo uitwao MARS. Mwezi Machi 2020 habari ikarudi tena. Kampuni moja ya usalama wa kompyuta ya mji wa Bochum ilikuwa imenunua kompyuta ya zamani ya jeshi katika soko la mtandaoni, safari hii pia kwa yuro 90, na ndani yake mlikuwa na maelezo ya mfumo wa kutungulia ndege uitwao Ozelot. Miongoni mwa maelezo hayo yalikuwamo yale yanayofundisha jinsi ya kuuharibu mfumo huo ili usiangukie mikononi mwa adui. Kompyuta yenyewe iliyobeba mafundisho hayo, hakuna aliyekumbuka kuiharibu.

Huko Afghanistan mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwezi Aprili 2006 gazeti la Los Angeles Times lilitoa habari kwamba katika soko lililo nje ya kambi ya Marekani ya Bagram zilikuwa zikiuzwa flashi zilizoibwa kambini. Ndani yake mlikuwa na taarifa za askari, na mlikuwa na habari za Waafghanistan waliokuwa wakiwapasha Wamarekani habari kwa siri. Askari walilazimika kwenda sokoni kuzinunua tena. Anayeifahamu vita anajua mtoa habari hufanywa nini jina lake linapofika upande wa pili.

Miaka ilipita, na mwaka 2022 mtafiti mmoja wa Ujerumani alinunua, kwa dola 68, kifaa cha jeshi la Marekani cha kuchukulia alama za vidole na picha za mboni za macho. Kifaa hicho kilikuwa kimetumika mara ya mwisho mwaka 2012 karibu na Kandahar. Ndani ya kadi yake ya kumbukumbu kulikuwa na majina, picha, alama za vidole na mboni za watu 2,632, wengi wao wakiwa watu wa Afghanistan na Iraki. Kwa miaka kumi kumbukumbu hizo zilikaa kimya ndani ya kifaa ambacho mtu yeyote angeweza kukinunua kwa bei ya simu ya kawaida.

Polisi nao wana somo lao. Mwezi Aprili 2010 televisheni ya CBS ya Marekani ilionyesha mashine nne za fotokopi zilizonunuliwa kutoka ghala moja la New Jersey. Wengi hawakujua kwamba mashine kubwa za fotokopi za miaka hiyo zilikuwa na diski ndani, nayo ilikuwa ikihifadhi nakala ya karatasi zilizopita juu ya kioo. Moja ya mashine hizo ilikuwa imetoka kitengo cha makosa ya kujamiiana cha polisi wa mji wa Buffalo, na ndani yake mlisomeka malalamiko ya watu waliopigwa majumbani mwao. Wanawake waliopata ujasiri wa kwenda kituoni kueleza aibu iliyowapata hawakuambiwa kwamba maneno yao yangekwenda kukaa ghalani pamoja na vyuma vya kuuzwa.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA KUUZA

Swali la kwanza ni la umilikaji. Mashine ikiwa ni mali ya serikali, hata kama imekaa nyumbani kwa afande miaka mitano na watoto wameizoea, haiuzwi, haigawiwi, wala haifunguliwi na fundi wa mtaani. Hurudishwa ilikotoka pamoja na diski yake, ikapokewa kwa maandishi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa na faragha inataka kumbukumbu za watu zinapoharibiwa ziharibiwe kwa namna ambayo haziwezi kuunganishwa tena zikasomeka. Na agizo hilo haliishii kwenye karatasi.

Ikiwa ni mali ya nyumba, kazi huanza kwa kutoa nakala. Picha za harusi, za marehemu, vyeti na hati za ardhi zinakiliwe kwenye diski nyingine ya nje au flashi mbili, kisha nakala hizo zifunguliwe kwenye mashine nyingine kuhakikisha kwamba zinasomeka. Hatua hii isifanywe mbio. Wako watu waliosafisha diski kwa ustadi mkubwa, halafu wakagundua kwamba flashi waliyoitegemea ilikuwa tupu.

Baada ya hapo mwenye mashine atoke katika akaunti zake zote: barua pepe, WhatsApp iliyounganishwa na kompyuta, na huduma zozote za benki. Kisha maneno ya siri yabadilishwe kutoka kwenye simu au mashine mpya. Watu wengi huiacha kazi hii kwa uvivu, nayo haichukui nusu saa.

Sasa diski yenyewe. Ziko namna mbili, na dawa ya moja haiiponyi nyingine. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka. Ukiweka sikio karibu wakati mashine inafanya kazi utaisikia ikinguruma taratibu. Diski hiyo husafishwa kwa kuandika juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, hata rafu zote zijae sifuri. Kwa mashine ya Windows, njia iliyo rahisi ni kuingia katika mipangilio, kuchagua kuirudisha mashine katika hali yake ya mwanzo, kukubali kuondoa kila kitu, na, jambo ambalo wengi hulipita, kuchagua pia diski isafishwe. Pasipo chaguo hilo la mwisho kazi humalizika upesi na rafu hubaki zimejaa. Pamoja nalo, mashine yaweza kufanya kazi usiku kucha. Basi ichomekwe kwenye umeme wa kuaminika na iachwe. Diski iliyokwisha kutolewa ndani ya mashine yaweza kuunganishwa na kompyuta nyingine na kufomatiwa kikamilifu, wala si kwa haraka. Tangu Windows Vista, kufomati kwa namna hiyo huandika sifuri katika diski nzima.

Wengine wamesikia kwamba diski lazima iandikwe juu mara 35. Hesabu hiyo ilitoka katika maandishi ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, nayo ilihusu diski za aina mbalimbali za wakati ule. Taasisi ya viwango ya Marekani ilieleza mwaka 2014 kwamba kwa diski za sumaku za siku hizi kuandika juu mara moja kwa kawaida kunatosha. Anayekuuzia programu ya mara 35 anakuuzia usiku mwingi wa kutolala.

Diski ya namna ya pili haina kitu kinachozunguka. Ni nyepesi, haisikiki, na katika mashine nyembamba yaweza kuwa ndogo kama kipande cha chingamu. Hii huhamisha maandishi kila mara kutoka chumba kimoja hadi kingine ili vyumba vyote vichakae sawasawa, na kwa hiyo huwezi kuwa na hakika kwamba ulichoandika kimeangukia juu ya kile ulichotaka kukifunika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego walionyesha mwaka 2011 kwamba njia za kufunika faili mojamoja, zilizozoeleka katika diski za sumaku, hazikufaa katika diski za aina hii. Hapo hutumika amri maalumu ya kufuta iliyowekwa na kiwanda, ambayo hutolewa kwa programu ya mtengenezaji wa diski. Njia nyingine, iliyo bora kama ikianzwa mapema, ni kuifunga diski nzima kwa maandishi ya fumbo tangu siku ya kwanza mashine inaponunuliwa. Siku ya kuiacha, ufunguo ukiharibiwa, kilichobaki hakisomeki na mtu. Simu nyingi za kisasa zimefungwa hivyo tangu kiwandani, mradi mwenyewe aliweka namba ya siri, na kuzirudisha katika hali ya mwanzo huharibu ufunguo.

Kwa kazi hizi si vibaya kumwita kijana anayejua kompyuta, lakini afanyie kazi yake sebuleni, mwenye nyumba akiwepo. Kumpelekea mashine dukani kwake "aisafishe" kabla ya kuiuza ni kumkabidhi mtu funguo za kabati na kwenda kutembea.

MASHINE ISIYOWAKA

Shida kubwa ni mashine iliyokufa kabisa, kwa kuwa watu hudhani kwamba siri zake zimekufa pamoja nayo. Mara nyingi kilichokufa ni sehemu ya umeme au kioo, na diski ni nzima. Tena, hata diski iliyoungua haifai kuaminiwa. Chombo cha angani Columbia kilipovunjika juu ya Marekani tarehe 1 Februari 2003, diski moja iliyokuwemo ilianguka kutoka angani na ikapatikana baadaye ikiwa imeungua na kuharibika umbo. Mafundi waliifungua, na wakatoa karibu asilimia 99 ya kumbukumbu za jaribio la kisayansi lililokuwa limeandikwa humo. Baada ya hayo, ni nani atakayeamini kwamba ndoo ya maji au jiwe moja la hasira limemaliza kazi?

Diski ya mashine isiyowaka itolewe. Umeme ukatwe kwanza, na betri ya kompyuta ya mkononi iondolewe bila kupigwa wala kutobolewa, kwa maana betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kuwaka moto ghafla. Kwa bisibisi ndogo mfuniko wa chini hufunguka, na diski huonekana ikiwa na karatasi yenye jina la kiwanda na ukubwa wake. Ile ya sahani hutobolewa kwa keekee mahali kadhaa, mashimo yakipita ndani ya sahani zenyewe. Macho yakingwe kwa miwani na watoto wawe mbali, kwa sababu diski nyingi za kompyuta za mkononi zina sahani za kioo, nazo hupasuka vipande vikali. Ile isiyozunguka hutaka uangalifu zaidi: ndani ya kasha lake kuna vipande vidogo vyeusi vya kumbukumbu, na kila kimoja lazima kivunjwe. Shimo moja la katikati laweza kupita mahali patupu. Sumaku ya spika haisaidii kwa diski ya aina yoyote kati ya hizi.

Katika kompyuta nyingine za bei nafuu kumbukumbu imeunganishwa moja kwa moja na ubao mkuu, haitoki. Hapo ni ubao mzima utakaovunjwa.

Visichomwe moto. Moshi wa plastiki na waya za kompyuta una sumu, na vioo vya zile televisheni na kompyuta za zamani zenye kisogo kikubwa vina risasi, madini ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Mifano ya mahali ambapo vijana walichoma waya ili wapate shaba, kama Agbogbloshie katika mji wa Accra, ambako watu waliondolewa na serikali ya Ghana mwaka 2021, yatosha kuwa onyo. Vifaa hivi vipelekwe kwa wakusanyaji wenye kibali. Nchi jirani ya Rwanda imejenga kiwanda cha kushughulikia taka za namna hii katika wilaya ya Bugesera.

Kabla kazi haijafungwa, droo za meza zitazamwe. Humo ndimo zilimo simu mbili tatu zenye kioo kilichopasuka, kadi za kumbukumbu zilizotolewa ndani ya kamera, na flashi ambayo hakuna anayekumbuka ilitoka wapi. Kila moja ipate dawa yake kama diski.

Na mnunuzi atakapopita tena na gunia lake, apewe kasha, waya na kibao cha herufi. Ataugeuza mzigo, ataona tundu mahali diski ilipokuwa, na atataka kupunguza bei. "Mama, hapa pamepungua kitu." Mama na amjibu kwamba kilichopungua hakikuwa cha kuuzwa, kisha aitazame mizani.